Farasi wa Ukingoni

9 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Mimi sijambo, na mama mkubwa hajambo. Mgonjwa ni cherehani yake tu, inaruka mishono, naye anaitukana kama mtu. Mzee unayemtunza huko ugenini anaendeleaje? Mpe salamu.

Najua Jumapili ulipopiga simu nilikuwa najibu "ndiyo", "hapana", "hakuna neno". Ulisikia mama mkubwa alivyosema: "Mtoto wako huyu ni kama mtungi, ukiongea naye unasikia sauti yako mwenyewe." Si kwamba sina maneno, mama. Yanakuja simu ikishakatika. Ndiyo maana naandika.

Nina shida na msichana mmoja. Usishtuke, hatujagombana, ni chesi. Klabuni tunamwita Radi kwa sababu hana haja ya kupiga mara mbili. Mwezi wa sita kuna mashindano ya shule, na mwalimu wa hisabati ameshanipanga naye: yeye nyeupe, mimi nyeusi. Nyeupe ndiyo inayoanza. Na Radi huanza vilevile siku zote. Askari wa katikati mbele, farasi nje, askofu anachungulia kwa mshazari, halafu kabla sijakaa sawa kitini yule farasi anaruka tena mpaka mlangoni kwangu. Yeye na askofu wanamkodolea macho askari mmoja tu, yule anayelindwa na mfalme peke yake. Huyo akianguka, mfalme wangu anatolewa nje, anatembezwa katikati ya ubao kama mtu aliyeamshwa usingizini bila viatu.

Naota, mama. Korido ya shule ina vigae vyeusi na vyeupe. Usingizini naiona ndefu, haina mwisho, na farasi mweupe anakuja juu ya vigae, kwato zake hazitoi sauti.

Uliwahi kusema mzee alikuwa bingwa wa chesi kabla ya kiharusi. Tafadhali muulize: mwenye nyeusi afanye nini? Kitabu cha shule kipo, lakini kimeandikwa kwa lugha ya darasani, na woga wangu mimi uko kwa lugha ya nyumbani.

Ni mimi,
Binti yako


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, maziwa yakafurika. Mgongo unaniheshimu nikiuheshimu. Mwambie dada yangu cherehani haitukanwi, hutiwa mafuta.

Nilimsomea mzee barua yako, nikiitafsiri sentensi kwa sentensi kwa lugha yake. Kusema hawezi, unajua, na upande wa kulia wote umelala. Lakini ule mkono wa kushoto, mwanangu! Ulinyooka moja kwa moja kwenye kabati. Nikatoa ubao, nikaufuta vumbi. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, pazia nusu limefungwa, chumba chote kina rangi ya chai. Mimi chesi nilidhani ni drafti iliyokwenda shule. Akanipa nyeupe, niwe Radi wako, na kila nilipokosea aligonga meza kwa kidole.

Sasa sikiliza. Farasi akishakurukia, sukuma askari wa mbele ya malkia hatua mbili, umzibie askofu njia. Askari mweupe atamla. Hapo kila mtu hulipiza kwa farasi, na hapo ndipo hufia. Wewe usilipize. Chukua farasi wa kushoto, mpeleke kushoto mpaka ukingoni kabisa. Nikamuuliza, "Mzee, ukingoni? Kuna nini huko?" Akatabasamu kwa ile nusu ya mdomo inayotabasamu.

Kuhusu kurudi, najua safari hii hukuuliza, jibu langu ni lile la siku zote. Nilikubali kumtunza mpaka mwisho wake, na daktari anasema moyo una nguvu. Vumilia.

Akupendaye,
Mama yako


24 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Tulicheza mazoezi jana. Nilifanya kama ulivyoniandikia. Farasi wangu wa kushoto, kushoto, ukingoni. Nilipomwachia tu, malkia wa Radi akateleza kutoka kwake mpaka kwangu akamla bure, na hapohapo akawa anamtishia mfalme.

Radi mwenyewe hakuamini. Alinitazama kama mtu aliyeokota pochi. Kisha akasema, "Farasi wako ana adabu, amejileta mwenyewe na sahani yake." Wenzake walicheka mpaka mwalimu akaenda kufunga dirisha.

Nataka ujue kitu kimoja. Niliona. Kabla sijamsogeza niliona ile njia ya malkia iko wazi, nyeupe kama barabara wakati wa mchana. Nikajiambia, mzee anajua, mama amesema.

Hakuna neno. Mpe mzee salamu.

Binti yako


12 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya tunayo, usingizi ndio sina.

Nilipomsomea mzee barua yako alifumba macho muda mrefu. Kisha akaninyooshea kidole mimi, halafu kiti changu. Mimi, kiti. Mimi, kiti. Nikadhani anataka niondoke. Mpaka akaudaka mkono wangu wa kushoto akaupiga kofi kama mtoto mtukutu.

Mimi nakaa upande wa nyeupe! Kushoto kwangu ni kulia kwako. Farasi aliyemtaka ni yule mwingine, na ukingo ni ule mwingine, ambako malkia wa Radi hafiki, na askofu wake ndiye anayetishiwa. Nimekuelekeza nyumba ya jirani, mama mtu mzima. Nisamehe. Nimebaki najiuliza ni mambo mangapi mengine nimekueleza kwa miaka sita hii kutoka kwenye kiti changu.

Mzee ana swali. Aliomba kalamu akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kama kuku amepita: "Kama aliona, kwa nini alicheza?"

Nami ninalo langu. Hilo "hakuna neno" lako, huwa lina maneno mangapi ndani?

Mama yako


5 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Barua hii nimeianza mara nyingi, na mama mkubwa ameniuliza kama karatasi zinaokotwa.

Mwambie mzee nilicheza kwa sababu nimezoea kuamini kwamba aliye mbali anaona vizuri kuliko mimi. Hilo unaweza kumsomea. Linalofuata usimsomee.

Kila nikienda kulala naomba. Naanza na wewe, kisha mama mkubwa, kisha mzee. Ila mzee simwombei apone, mama. Uliponiambia utarudi baada ya mwisho wake, nilikuwa na miaka tisa, nikafanya hesabu yangu ya kitoto. Tangu hapo naomba mwisho wake uje. Naomba kwa adabu kabisa, hata "tafadhali" nasema. Nilikuwa simjui. Alikuwa kwangu kama mvua inayozuia mtu asitoke nyumbani: huichukii, unataka tu ikatike.

Sasa nikifika kwenye jina lake nakwama. Namwona anagonga meza. Namwona anakupiga kofi la mkono. Nalala maombi yakiwa nusu, na usingizini yule farasi mweupe anasimama kwenye korido, haji wala haondoki.

Usinichukie.

Binti yako


23 Mei

Mwanangu,

Sikuchukii, na nimemsomea. Ngoja, usiirarue barua!

Unajua navyosoma: jicho kwenye mstari, mdomo tayari unatafsiri. Nilipofika "simwombei apone" nilikuwa nimeshalisema. Nikaikunja barua. Akagonga meza. Nikasema, "Mzee, haya ni mambo ya nyumbani kwetu." Akagonga tena. Nikaona nikimdanganya atajua, yule mtu amesoma nyuso za wapinzani maisha yake yote. Nikamwambia yote, mpaka hiyo "tafadhali" yako.

Akacheka. Mwaka wa sita niko naye, sikuwahi kuisikia sauti hiyo, kama mlango wa kabati la zamani. Machozi yalimtoka upande mmoja. Kisha akaandika: "Mwambie apange foleni. Wako wengi mbele yake."

Sasa lililo zito. Binti wa mzee, yule mhandisi, alikuja Jumamosi. Anasema nitie saini miaka miwili mingine na mshahara utapanda, au nikiondoka, baba atapelekwa makao ya wazee na nyumba iuzwe. Alisema hivyo mbele ya baba yake, mwanangu, kama watu wanaojadili kabati lisilopita mlangoni.

Dada yangu anasema nibaki, umalize shule bila taabu. Wewe hujasema. Nataka neno lako kabla sijamjibu yule binti. Na ukiniandikia "hakuna neno" nitakurudishia barua ilivyo.

Mama yako


14 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na mzee mwambie shikamoo yake ya pekee. Mwambie nimeshatoka kwenye foleni. Huku tu wazima, cherehani imetiwa mafuta na sasa inatukanwa kwa mapenzi.

Tumecheza jana, mimi na Radi; hatua zote nimemwandikia mzee kwenye karatasi ya pili. Farasi wake akaruka. Nikasukuma askari, akamla, sikulipiza. Nikamchukua farasi wa kulia kwangu, nikampeleka kulia, ukingoni. Radi akasema, "Huyu naye anakwenda kujinyonga?" Wenzake wakajiandaa kucheka. Halafu akatazama. Akatazama tena. Askofu wake ikabidi akimbie, njiani akamtishia mfalme wangu, nikaziba, tukalana askari, nikabaki pungufu mmoja. Lakini yule farasi wake aliyeruka mapema alikuwa amebaki peke yake kwangu, kama mgeni aliyefika kabla chakula hakijaiva. Kila nilipomfukuza mmoja wake, mmoja wangu alitoka nje kupunga upepo.

Mafundisho ya mzee yaliishia hapo. Niliinua kichwa nikatazama mlango, sijui nilidhani nani atatokea. Mlangoni hakuna mtu. Chumba kikawa kama kiko chini ya maji: watu wanapumua mbali, mwanga wa dirisha umelala juu ya kete, na mimi sikuwa na woga, nilikuwa na usingizi mtamu wa mtu aliye macho. Nikaona malkia wangu anaweza kupita pembeni, kwenye mstari ambao hakuna aliyenitajia. Nikautazama mara mbili. Nikamsogeza.

Baadaye sana Radi, jasho linamtoka, akaninyooshea mkono. "Sare?"

Kila mtu alijua nitasema ndiyo. Mimi husema ndiyo hata dukani nikipewa kitu nisichoomba. Nikasema, "Hapana." Ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, mwalimu akaangusha chaki. "Hapana, tuendelee."

Tukaendelea mpaka ubaoni wakabaki wafalme wawili na askari wachache waliokwama uso kwa uso. Sare, mama. Ileile niliyoikataa! Radi akaniambia, "Dada, ungenipa mkono wakati ule, tungekuwa tumeshakula." Nikacheka kwa sauti, mbele za watu. Paa lilibaki mahali pake.

Sasa neno langu. Mama mkubwa amesimama nyuma yangu na sindano mdomoni, anasema niandike ubaki. Ada, viatu, na mwaka kesho mitihani. Ana haki, na ndiye aliyenilea. Mzee naye nimemfikiria, anatolewa kitandani kwake na watu asiowajua. Sitasema sikuliona hilo. Nimeyatazama yote mara mbili.

Rudi, mama. Nataka urudi.

Binti yako


6 Julai

Mwanangu,

Barua yako niliisoma mara moja, ikatosha. Nimemjibu yule binti, sitii saini. Nafika mwisho wa mwezi. Siku kamili nitampigia dada yangu, maana wewe kwenye simu utasema "ndiyo" tu.

Sikiliza vizuri. Wewe uliulizwa, ukajibu ukweli wako. Aliyekata shauri ni mimi, na mzigo wake ni wangu. Usije ukajitwika.

Mzee anakwenda makao ya wazee. Sitakudanganya kwamba amefurahi. Alinigeuzia uso siku mbili. Siku ya tatu akaomba chai, kisha akanifanya nimsomee mchezo wako wote nami nikisogeza kete. Aligonga meza mahali pamoja tu, pale malkia wako alipopita pembeni. Nikauliza, "Amekosea?" Akatikisa kichwa. Alitaka nirudie. Nimerudia mara nyingi, mwanangu, mpaka jua likahama ukutani.

Nilikwenda kukitazama chumba chake kipya. Ni kidogo, kinanukia rangi. Nimeomba kitanda kisogezwe ili mkono wa kushoto uwe upande wa meza.

Na sasa nikuambie langu, maana wewe umeniambia yako. Naogopa. Nilikuacha ukinifika kifuani. Wiki iliyopita nilikununulia gauni kwa kukisia, kesho yake nikalirudisha dukani, kwa sababu sikujua nikisie nini. Sijui kama siku hizi unapenda kushikwa nywele. Sijui unacheka vipi, nimesoma tu kwamba unacheka.

Uwanja wa ndege msije na watu wengi. Mwambie dada yangu asubiri nyumbani. Njoo wewe peke yako, usimame mahali nitakapokuona. Ukikosa la kusema, usiseme, na mimi nikikosa, usinishangae. Tutashika sanduku kila mtu upande wake, tutembee.

Mama yako