Lugha Ile Ilikuwa Yangu

Kampala, Jumapili mchana

Yaya wangu Masika, dada yangu mkubwa,

Nakusalimia wewe na batoto, na nyumba yote ya kilimani. Muko wazima? Kifua cha mama kimepoa, ama baridi ya Butembo bado inamsumbua? Mwanao Mumbere amerudi shuleni? Mimi niko muzima. Tunashona sare za shule, wanawake wanne katika chumba kimoja. Mwenye mashine ni mama wa kwetu, mzaliwa wa Kipese, kwa hiyo Kinande nakisikia kila siku. Mgongo unauma lakini chakula kipo.

Barua yako aliniletea dereva wa lori la maharagwe juma lililopita. Unasema wakwe zako wanataka kufanya kilio cha bwana yako Paluku, kwa kuwa huu ni mwaka wa nne tangu apotee kwenye njia ya Mbau, na wewe umekataa. Umewaambia kwamba Mungu alisema kwa kinywa changu, mimi mdogo wako Kavira, kuwa Paluku atarudi, na neno la Mungu halianguki. Sasa unaniomba nithibitishe kwa mkono wangu, ili barua isomwe mbele ya familia.

Donc, basi, naandika, yaya. Lakini sitaandika ulichoomba. Keti kwanza.

Unakumbuka mwaka ule nilikuwa nauza dawa katika duka moja karibu na soko, na kila Jumamosi nilikwenda kwenye chumba cha maombi cha Mama Pasta. Vita vilikuwa vimetubana, leo kundi hili, kesho lile, na wanawake waliomba mpaka sauti zikakauka. Wote walikuwa wamepokea kipawa cha kunena kwa lugha. Hata Asinati, yule mjane muuza ndizi asiyejua kusoma, akifungua kinywa maneno yalimtoka bila kukwama, na mimi nywele zilinisimama. Sisemi kipawa hicho ni uongo. Kwa Asinati nilikiona. Kwangu hakikuja. Nilifunga siku tatu, kisha saba. Waliniwekea mikono. Kinywa changu kilibaki na Kinande na Kiswahili tu. Ndipo Mama Pasta akasema mbele ya wote, tena kwa upole, kwamba mtu asiyejazwa na Roho mara nyingi ana kitu anachokificha. Wakanitazama. Wakati ule sikuwa nimeficha kitu.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ile uliyokuja na Paluku. Mama yake alikuwa peke yake Mbau, askari walikuwa wamepita kijijini, na wewe ulitaka Mungu aseme kwanza kama Paluku aende kumleta ama angoje. Tukaanza kuomba. Nilikuona umepiga magoti, mtoto wako Kambale mgongoni. Pande zote watu walikuwa wananena. Nikafungua kinywa. Yaliyonitoka ni majina ya dawa niliyoyasoma kwenye maboksi kutwa nzima. Niliyakatakata, nikayageuza, nikayaimba. Mebenda, mebenda zole. Ni dawa ya minyoo, yaya. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Pasta akanikumbatia analia, na mimi nikalia pia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Hata leo siyaelewi.

Ningeishia hapo, ningekuwa mjinga tu. Lakini Mama Pasta alikumbusha kwamba anayenena kwa lugha aombe apate kufasiri. Ukanishika mkono ukaniuliza, "Kavira, Roho iko nasema nini juu ya bwana yangu?"

Ningependa kuandika kwamba niliwaogopa watu. Niliwaogopa, ndiyo, lakini pia nilikutazama nikataka kukupa kitu kizuri. Nikasema, "Njia iko wazi. Ataenda, na atarudi na mama yake."

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Asubuhi ile, mlangoni, Paluku alikuwa amenieleza kwamba yeye angengoja, kwa sababu madereva walimwambia njia kutoka Beni mpaka Mbau imeharibika, si salama tena. Baada ya neno langu alisimama akavaa koti lake, akanishukuru. Alisema, "Sasa hapana woga tena." Jumatatu akaondoka.

Juma la pili mama mkwe wako alifika kwa miguu pamoja na wakimbizi wengine, nyayo zimevimba, akauliza Paluku yuko wapi. Nilikuwa kwako ninachambua majani ya muhogo ya sombe. Ulimwambia atakuja, Mungu ameshasema, kisha ukanigeukia nikubali. Nikaitika kwa kichwa. Huo ulikuwa uongo wa pili, na huo nilikuwa nimepata nafasi ya kuufikiri.

Watu wanadhani nilikuja Kampala kutafuta kazi. Nilikimbia. Wanawake walianza kuja dukani kuniuliza juu ya waume na wana wao. Na kila asubuhi nilikusikia ukiwafundisha batoto yale maneno yangu, mebenda zole, ya kumwombea baba yao. Katika barua yako unafurahi kwamba hata Kambale sasa anayasema bila kukosea. Hapo nilishindwa kusoma zaidi, nikatoka nje.

Mungu hakusema, Masika. Nilisema mimi. Kama Paluku yuko hai sijui. Kila dereva anayetoka Beni nimemuuliza, na hakuna aliyemwona. Barua hii isomwe yote, na mama yake awepo. Ana haki ya kumlilia mwanawe, na mimi ndiye niliyemzuia miaka hii. Nawe pia nilikuzuia. Ulikuwa na haki ya kuwa mjane, watu wakuletee kuni na unga, wakae nawe. Badala yake nimekuacha ukingoja peke yako.

Msamaha siuombi kwa karatasi. Ukitaka nisimame mbele ya wakwe zako, mwambie dereva aliyeleta barua hii. Nitarudi naye kwenye lori. Usipotaka kuniona, nitaelewa.

Batoto usiwakataze kuomba. Waombe kwa Kinande, wamtaje baba yao kwa jina.

Nisalimie mama, polepole, kabla hajasikia haya. Nisalimie baba mdogo, mzee wa kanisa, naye aamue atakachomwambia Mama Pasta. Na mama mkwe wako, sina salamu ya kumpa. Mshike mkono tu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekudanganya,
Kavira