Damu ya Nyumba Mbili

Shamba la ngano, Mau Narok

Kwako Baba,

Nakusalimu kwa sababu mtoto hawezi kumpita mzazi wake kama anapita kisiki. Ukiwa mzima, vizuri. Mama akiwa mzima, namshukuru Mungu. Sisi huku tupo, baridi ya Mau inatuuma, na siku hizi za Emajensi, hii hali ya hatari ya serikali, mtu hasafiri bila pasi. Salamu zimeisha, yaliyobaki ni hasira.

Nimepata barua uliyomwandikisha mwalimu. Unasema ndugu mdogo wa Musa, mume wangu, anamtaka mdogo wangu Dorika, na wazee wao watakuja baada ya mavuno kuuliza habari za ukoo wetu. Unataka niwaandikie Dorika na wazee hao maneno mazuri, eti dada wawili katika boma moja hawatagombania kuni. Baba, huoni haya?

Mjukuu wako Yakobo anapofuka. Alianza kwa kugonga milango jua likizama, nyapara akamwita mlevi mdogo. Halafu akawa anakanyaga kuku mchana. Sasa akinitazama usoni ananiona, lakini mkono wangu unaompa ugali hauoni, ni kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mama mkwe alikuja hapa, akala na kushiba, ndipo akamwambia mwanawe anirudishe kwetu kwa kuwa nimeleta uchawi. Nilijibishana naye siku nzima. Nilimwambia ukoo wetu ni safi, maana wewe ndiye uliyeniambia hivyo.

Tulimpeleka Yakobo Nakuru kwa lori la ngano la bwana mwenye shamba. Daktari Mzungu alimmulika macho kwa muda mrefu, kisha akaongea na dresa, msaidizi wake wa hospitali, mtu wa Rongai, naye akatugeuzia maneno.

"Mama, daktari anauliza, kwa watu yenu iko mtu aliharibika macho namna hii, pole pole?"

"Hakuna," nikasema.

"Na wewe, mzee?"

Musa aliitazama kofia yake. "Nyanya yangu alikuwa anashikwa mkono kwenda mtoni. Tulikatazwa kusema."

Daktari akasema mengi, dresa akasikiliza. "Anasema hii si uchawi. Anafikiri iko kitu kwa chakula, mwili ya mtoto inashindwa kusaga, inabaki kwa damu, inakula macho. Lakini mtoto hawezi kupata kwa baba peke yake. Lazima mama pia amempa nusu, hata kama yeye mwenyewe anaona vizuri. Mama, fikiria tena."

"Na dawa?" nikauliza.

"Dawa hakuna."

Nikafikiria, Baba. Nikamkumbuka Baba Mdogo Zakayo, ndugu yako wa tumbo moja. Siku wazee wa kina Musa walipokuja kuuliza kama kwetu kuna kifafa, wazimu au upofu, mlimpeleka ng'ambo ya mto tangu asubuhi, eti akalinde ndege kwenye mtama. Kipofu akalinde ndege. Mzee mmoja alipouliza kile kibanda nyuma ya ghala ni cha nani, ukamjibu ni cha kuku. Nilikusikia nikiwa jikoni, nikadhani unamficha kwa aibu tu, kwani sisi watoto mlikuwa mmetuambia aliharibiwa na mpini wa jembe. Mpini gani huo unaompiga mtu macho yote mawili, tena polepole, miaka na miaka?

Nao kina Musa wakanyamaza kuhusu nyanya yao. Mkakaa pale wazee wazima, mkila na kusifiana, kila upande ukiudanganya mwingine, mkaita hiyo heshima. Mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio chenyewe nakilia mimi. Juzi Yakobo aliniuliza kama watu wote macho huzimika wakikua.

Sasa unataka kumpeleka Dorika nyumba ileile, damu ileile ikutane tena na ileile. Yakobo mmoja hajakutosha? Musa ameshamwambia ndugu yake kila kitu. Wewe nawe, wazee wakija, mkalishe Baba Mdogo kwenye kiti mbele yao na useme ni ndugu yako. Wakiondoka, waondoke.

Nisalimie Mama, na shangazi anayeuza vyungu sokoni. Kwa mwalimu wako sina salamu.

Baba, wewe husomi, na anayekusomea barua zangu ni Dorika. Kwa hiyo haya yote umeyasikia kwa sauti yake. Dorika, mdogo wangu, sasa nasema na wewe. Mwache Baba akae hapo alipo. Nenda kamwite Baba Mdogo Zakayo, umsomee toka mwanzo, kisha useme mbele yao wote wawili kama bado unataka kuolewa.

Ni mimi binti yenu,
Rasoa, mama Yakobo