Prosesa Yenye Homa

Dukani, chumba cha nyuma,
karibu na mashine ya fotokopi.
Jumapili mchana, 14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, tena shikamoo: moja yangu, nyingine ya kaka, ambaye kazi za kuandika huniachia mimi. Hujambo? Goti linasemaje? Mkaza mjomba mzima? Na wale pacha bado wanakuficha miwani? Sisi huku wazima kabisa, tunacheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Mama naye yu mzima, na ulimi wake haujapungua makali hata kidogo. Ukibisha, mpigie simu umwambie chai yake ni nyepesi.

Najua unajiuliza barua ya nini, wakati hatua zenu za sataranji mnatumiana kwa simu. Ni amri ya dada yako. Anasema simu unaizima ukikasirika, lakini barua utaisoma mpaka mwisho. Basi kaa kitako.

Mlivyopatana unakumbuka mwenyewe: atakayeshindwa mchezo huu ndiye atakayefunga safari kumfuata mwenzake. Mama alishikilia kwamba aliyeondoka ndiye arudi. Wewe ukashikilia kwamba aliyebaki ndiye mwenye nafasi ya kutembea. Wabishi wawili, tumbo moja! Mara ya mwisho kukuona hapa mlango wetu ulikuwa wa bluu. Tangu hapo umepakwa rangi nyingine tatu. Mkakubaliana kete ziamue, na kila mtu aruhusiwe kuuliza kompyuta, mradi programu iwe ileile. Kumbe wewe ukaenda kununua mashine yenye prosesa ya viini kumi na sita, yaani vibarua kumi na sita wanaopiga hesabu kwa pamoja! Mjomba, huo nao mchezo gani!

Tena ulipoleta yule farasi wako katikati ya ubao, Mama aliacha chakula nusu akainuka. Jioni nikamkuta anafuta vumbi katika chumba chako, kitanda, dirisha, mpaka miguu ya kiti. Hakujua nimemwona. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba suala si sataranji. Anakutaka hapa, na kusema kwa mdomo wake hasemi.

Kaka akajitosa. Unamjua, fundi baiskeli anayejiita mhandisi. Akaja na laptopu yake mpya, prosesa ya viini vinane, akaibeba kama mtoto mchanga. Mimi nikaleta kompyuta ya dukani, ile tunayoiita Bibi: viini viwili tu, ubavu wazi kwa sababu kifuniko kilipotea zamani, na feni inayovuma utadhani mashine ya kusaga. Kaka akacheka weee! Akaniambia nimrudishe Bibi akapumzike.

Tukaziweka zote mbili mezani kwa Mama. Programu moja, mchezo wenu uleule, na muda ni wa birika kuchemka. Ushindi ni kwa mashine itakayoona hatua nyingi zaidi mbele.

Laptopu ilichomoka mbio, kaka akaanza kupiga miluzi. Halafu ikaanza kulegea. Mara ikasuasua. Birika lilipoanza kuimba, Bibi alikuwa ameshaipita na anaendelea na mvumo wake, hana habari na mtu. Tukarudia. Hali ikawa ileile, tena mbaya zaidi. Mjomba, ungemwona kaka! Kwanza alisingizia umeme, halafu programu, mwisho akasema nimeirushia jicho baya. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, lakini moyoni nilikuwa na wasiwasi, maana kama mashine bora tuliyonayo ni Bibi, basi wewe na viini vyako mngetumaliza. Zote mbili zilikuwa zinatoa shauri la woga: badilishaneni malkia, mwombe sare. Na sare haikuwamo katika mapatano yenu. Kila mtu angebaki kwake.

Mama alikuwa ameketi anatusikiliza tu. Akanyoosha mkono kuchukua sukari, ukaigusa laptopu. Akasita. Akaigeuzia mgongo wa mkono, vilevile alivyokuwa akitugusa paji la uso tukiwa wadogo, akasema, "Huyu ana homa."

Basi ndipo tulipoinyanyua na kuona ilikuwa imekalia nini. Unalijua gonjwa la Mama la vitambaa vya kufuma. Redio ina chake, friji lina chake, mtungi wa maji una chake. Ukikaa kimya sana hata wewe utafunikwa. Kwa kuwa laptopu ilikuwa mgeni, alikuwa ameitandikia kile kitambaa chake kinene cheupe, tena amekikunja mara mbili, na pembe zake zimepanda ubavuni. Bibi hakupewa kitu kwa sababu ana madoa ya wino. Aliachwa juu ya mbao tupu.

Sasa laptopu ile inapumulia chini, na matundu yake yote yalikuwa yamezibwa. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Kaka akamtolea Mama macho: nesi mstaafu, amemfunika mgonjwa wa homa! Mama naye akajibu kwamba wagonjwa wake hawakuwa wanatumia umeme. Nikaanguka chini kwa kicheko.

Tukaihamishia kwenye kichanja cha kukaushia sahani, tukaiacha ipoe, tukaanza upya. Mjomba, ilikwenda! Birika halijatoa hata moshi, Bibi ameachwa nyuma kabisa. Na ghafla shauri likabadilika: acha malkia, toa ngome umle farasi. Mama akapiga meza kikombe kikaruka. Kumbe hatua hiyo aliiona mwenyewe tangu siku ulipocheza, akaogopa kuitoa ngome yake bure!

Bibi naye alifika palepale, ila sisi tulikuwa tumeshakula na kuosha vyombo. Nikajifunza kwamba akili ni ya programu. Prosesa inaamua tu utasubiri kiasi gani. Kaka amekubali kumheshimu Bibi, na jana alimfuta vumbi.

Hatua ya Mama basi ni hii: ngome yake inamla farasi wako wa katikati. Ukiila ngome, malkia wake yuko mlangoni kwa mfalme wako. Usipoila, askari wake anafika mwisho wa ubao na kuwa malkia wa pili. Viulize viini vyako kumi na sita, ila kwanza hakikisha havijafunikwa. Mashine yetu inasema unaweza kujitetea kwa hatua saba. Mama anasema usizicheze, yeye amesubiri vya kutosha. Kata tiketi.

Msalimie mkaza mjomba, umwambie naye tunamngoja. Wasalimie pacha, wakurudishie miwani usome ratiba ya safari vizuri. Kaka anakusalimu, Bibi anavuma salamu zake. Mungu akufungulie njia na akufikishe mlangoni kwetu salama. Sasa ni wa kijani, usipotee.

Mama amekifua kile kitambaa, amekipiga pasi. Kiko juu ya mto wako.

Ni mimi mpwa wako, mwenye mapenzi tele kwako,
Kasuku