Mkate Niliokataa Kuubariki

Ijumaa, Ibra. Vumbi tangu asubuhi, na mimi situlii. Nimepiga deki sebule mara mbili na bado mikono inatafuta kazi.

Agnes ameniomba kitu leo, nikamkatalia.

Tunakutana kwangu kila Ijumaa mchana, wanawake wachache, kama lile darasa la Kimethodisti nililokulia kule Ribe. Kila mmoja anaulizwa hali ya roho yake, anasema kweli, tunamwombea. Agnes ni Mwanglikana wa Muheza, mfanyakazi wa nyumbani kwa Bibi Zuwena, mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Zamu yake ilipofika alisema roho yake ina njaa. Hajashiriki Meza ya Bwana, ule mkate na divai anavyobariki kasisi, tangu aje huku Omani, maana kanisa liko Maskati na Ijumaa anapewa saa chache tu. Na Jumapili familia inahamia Ashkhara, mbali zaidi.

Akatoa mkate kwenye mkoba. "Dada, wewe ndiye kiongozi wetu. Ubariki tu, Mungu anatuona."

Nikamwambia mimi ni muuguzi, sijawekewa mikono kuwa kasisi. Nikamweleza kwamba hata aliyetuanzisha sisi Wamethodisti alikuwa kasisi wa Kianglikana mpaka anakufa. Wahubiri wake walihubiri popote, lakini kwa Meza aliwaelekeza watu parokiani. Yaani nilimfundisha Mwanglikana Uanglikana. Alinisikiliza kwa adabu, akaufunga mkate wake kwenye tishu, akaaga.

Naona aibu.

Kukataa kwenyewe sijutii. Ila yule kasisi hakuishia kukataza. Alipanda farasi kwenye mvua na tope akawafuata watu ambao parokia haikuwafikia. Na Wamarekani walipokosa makasisi, aliwawekea watu mikono mwenyewe akawatuma huko, wakubwa wa kanisa lake wanune wasinune. Sehemu hiyo sikumwambia Agnes. Niliijua, nikaikalia.

Gari langu linakwenda Maskati kila mwezi, kiti cha pembeni kitupu. Sijawahi kumwombea ruhusa. Nilimwogopa Bibi Zuwena, basi.

Jioni hii nimempigia simu bibi huyo. Nikamwamkia, nikayatoa yote kwa pumzi moja.

"Maskini mwana wa watu," akasema. "Mbona hukunambia, mwanangu? Wallahi mimi nikidhani anakuja kwako kupumzika tu. Ningempa siku nzima. Sasa tunahama. Ukija kumchukua mwenyewe ukamrejesha, mimi sina neno. Lakini Ashkhara mbali."

Nimemjibu kwamba nitakuja. Mwezi ujao, Alhamisi, nikitoka zamu, nimlete alale kwangu, asubuhi tushike njia ya Bidbid mpaka Maskati. Sijui nitaweza mara ngapi. Mara ya kwanza nakwenda.

Ashkhara ni mbali kweli. Kwa muda wote huu nyumba ya Bibi Zuwena ilikuwa mtaa wa pili kutoka hapa, na sikubisha hodi.