Madoa Sita, Pengine Saba

Jumamosi, 3 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika tarehe kwanza kama ulivyonifundisha, na sasa naandika ahadi: katika barua hii nitakueleza yote, hata yale ambayo mama anasema yangoje kwanza. Sisi hatujambo. Mama kikohozi kimemwacha, siku hizi inayokohoa ni cherehani yake. Wewe je? Baridi ya huko kituoni mlimani imepungua? Soksi zilikutosha?

Jana nilipotoka shule nilipeleka bahasha yako makumbusho. Bwana Droo, mtunza vipepeo (usicheke, jina hilo ulimpa wewe), alifungua fomu yako ya vipepeo, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Binti, baba yako anaona vizuri?"

Nikasema anaona. Basi akavuta ile droo pana ya chini. Baba, nilikuwa sijawahi kumwona kipepeo wako! Walikuwa kumi na wawili, kila mmoja amechomwa pini, mbawa zimetandazwa. Ni wa rangi ya kahawia iliyokolea. Kwenye ubawa wa mbele kuna kiraka cha rangi ya chungwa, na ndani ya kiraka madoa mawili meusi, kila doa lina kitone cheupe kama jicho linalong'aa. Mbawa za nyuma hazina kitu.

"Haya, hesabu mwenyewe," akasema. Nilihesabu wote kumi na wawili. Mawili, mawili, mawili.

Lakini kwenye picha ya fomu wewe umechora madoa sita, tena kwenye ubawa wa nyuma, na pembeni umeandika "kijivu". Bwana Droo anasema mkataba wako unakwisha Juni, na mtu asiyeweza kumchora kipepeo mmoja hawezi kuaminiwa kuhesabu mia. Anataka mchoro mpya. Mama alisema nisikuandikie hilo la mkataba. Nimechanganyikiwa, baba. Unamwona kipepeo gani?

Mwanao


Jumanne, 6 Mei, dereva wa lori ananingoja

Mwanangu, karani wangu,

Marahaba. Mimi mzima, baridi ndiyo yenye nguvu kuliko mimi. Soksi zimetosha, mwambie mama yako moja ni ndefu kuliko nyingine, lakini miguu yangu haijalalamika.

Umefanya vizuri kuniambia yote. Niliposoma nilivaa koti nikateremka njia ya bwawani, ile ninayopita kila asubuhi na daftari langu nikihesabu vipepeo. Huku upepo haupumziki. Kipepeo anatua kwenye unyasi, anakunja mbawa zinakuwa kama viganja vya mtu anayeomba, anatulia. Nikipiga hatua moja zaidi, puu! Hayupo. Nililala kifudifudi kwenye umande kama mtoto mtoro nikamtazama. Ni wa kijivu, mwanangu. Ana mstari mweupe uliopindapinda kama mshono wa mama yako siku mteja akiwa mlangoni. Na madoa yamejipanga kwenye ubawa wa nyuma. Nilihesabu sita. Nikapepesa macho, nikahesabu tena: saba. Nikangoja. Sita.

Hapo ndipo nami nilipochanganyikiwa. Doa haliji na kuondoka kama mgeni. Au ni macho? Miaka minne nimeyakodoa kwenye ukungu huu.

Nimejaza fomu mpya kwa uangalifu. Nimeweka sita, kwa sababu sita nina hakika nayo. Mpelekee.

Baba yako


Jumamosi, 17 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, na tunaomba uwe mzima.

Bwana Droo ameipokea fomu yako. Amesema sasa mchoro unalingana na vipepeo wa kwenye droo, na ameipiga muhuri. Nakala yako iko kwenye bahasha ya ofisi, dereva atakuletea pamoja na barua hii. Mama amefurahi sana. Nina mtihani wa hesabu Jumatatu, kwa hiyo naishia hapa.

Mwanao


Jumanne, 20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini mtihani ulikwenda vizuri. Barua yako ilikuwa fupi, lakini mtihani ni mtihani.

Nimeifungua bahasha ya ofisi. Nakala ya fomu yangu ina muhuri. Ina madoa mawili kwenye ubawa wa mbele, na pembeni pameandikwa "kahawia". Mistari ni myembamba kama ninavyochora mimi. Mwandiko ni wangu, mpaka ile "k" yenye mguu mrefu. Lakini sikumbuki kuchora mawili, wala kuandika kahawia. Nimekaa kitandani nimeishika kwa muda mrefu. Mpishi wa kituo akaniuliza, "Mzee, umefiwa?" Nikamwambia sijui.

Mtu anaweza kukosea kuona. Hilo ningelimeza. Lakini mtu achore kwa mkono wake asikumbuke? Leo asubuhi nimepita njia ya bwawani nikamwona yule yule wa kijivu, na sikuandika chochote daftarini. Si haki niandike nisichokijua.

Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, ila leo siitumi, nataka mama yako ajue kwanza. Lori litakapopanda tena, tarehe mbili Juni, nitampa dereva aipeleke makumbusho. Mwambie mama yako taratibu. Narudi nyumbani, nitamshonea vifungo, kama navyo bado nitaviona.

Wewe soma. Usijali.

Baba yako


Jumamosi, 31 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Safari hii nitakueleza yote kweli, na ukimaliza kusoma nikemee upendavyo.

Ni mimi. Niliichukua fomu yako nikakaa nayo kwenye meza ya kukatia vitambaa. Nilifuta madoa yako sita kwa kifutio, moja baada ya jingine, nikachora mawili kama ya kwenye droo. Nikafuta "kijivu" nikaandika "kahawia". Ile "k" ulinifundisha mwenyewe kabla sijaanza shule, ulinishika mkono, kwa hiyo mwandiko wetu ni mmoja. Nilitaka usifukuzwe. Nilipokuwa nafuta, sikuwaza kwamba nakala ingerudi kwako. Kichwa chako kizima, baba. Kisichokuwa kizima ni kitendo changu.

Barua yako nilimsomea mama nikilia. Hakunipiga wala hakuniuliza kwa nini. Alivua mtandio wenye nyuzi akavaa mwingine, akasema, "Twende."

Nilimwambia Bwana Droo yote nikiwa nimesimama. Aliitoa fomu yenye muhuri akaiweka kando ya ile ya kwanza. Kisha akasema, "Kwa hiyo fomu hii ni ya uongo, na ile ya kwanza ni ya kipofu. Nimebaki na nini?"

Mama akamjibu, "Mume wangu si kipofu. Aliniona mimi katikati ya watu mia harusini, na nilikuwa nyuma ya sufuria." Halafu akainama juu ya droo kama anavyoinama juu ya nguo ya mtu anayesumbua kulipa. "Na huku chini wakoje?"

"Chini wapi, mama?"

"Chini ya mbawa. Mimi nguo sisemi nimeikagua mpaka niigeuze. Upande wa nje mtu yeyote anaweza kuupendezesha."

Bwana Droo alisema miaka yote amewatazama kwa juu, kwa sababu ndivyo alivyowakuta wamebandikwa. Alimchomoa mmoja na pini yake, taratibu, akaweka kioo kidogo chini yake. Tukaweka vichwa vitatu pamoja.

Ni wa kijivu, baba. Ana mstari mweupe uliopindapinda. Na kwenye ubawa wa nyuma yamejipanga madoa, yana vitone vyeupe. Mama ndiye aliyehesabu kwa sauti, na akaishia sita.

Kisha Bwana Droo akachukua fomu tupu akaitazama kana kwamba haijui. Ile picha ya kipepeo iliyochapwa kwenye fomu imefungua mbawa, kwa hiyo haina mahali pa upande wa chini. Wewe ulimwona amekunja, ukaweka madoa yake kwenye picha iliyofungua mbawa. Kila mtu alikuwa anasema kweli, na sote tulikuwa tunabishana!

Lakini kuna jambo moja halijanikaa sawa kichwani. Ni lile la saba. Kwenye kioo niliona chini ya ubawa wa mbele, karibu na ncha, doa moja kubwa peke yake. Nikakunja viganja vyangu kama ulivyoeleza, nikateremsha kimoja nyuma ya kingine, na nikafikiri labda akitulia doa hilo linajificha nyuma ya ubawa wa nyuma, na akishtuka linachungulia. Bwana Droo alisema, "Huenda. Lakini mimi na wewe tumewaona wafu tu. Hilo atalijibu aliyewaona wakiwa hai." Hakuahidi mkataba. Ila nakala yako yenye muhuri anataka irudi aifute, na juu ya fomu tupu ameandika kwa mkono "upande wa chini", akanipa kumi nikuletee. Mtu haletewi fomu kumi kama anafukuzwa, au vipi? Sijui. Mama anasema nisihesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa.

Nimemsihi dereva akupe bahasha hii kabla hajapokea chochote mkononi mwako. Ameapa, tena nimemwandikia kwenye karatasi asisahau. Kwa hiyo najua unasoma haya lori likiwa linanguruma hapo mlangoni, na barua yako ya kuacha kazi iko mfukoni mwa koti. Iache hapo hapo kwanza, baba. Mpe dereva jibu la swali hili badala yake, hata neno moja, nami nitalipeleka makumbusho mbio:

siku ile ulipohesabu saba, ubawa wa mbele ulikuwa umeinuka?

Mwanao