Ini la Baba Yake Akiru

Lodwar, Jumanne usiku

...na bado sijampigia simu Profesa, anayeongoza utafiti wetu. Nilimhakikishia kwamba Akiru, msichana wa Longech ambaye ini lake limeharibiwa na vifuko vya minyoo ya mbwa, angekuwa mgonjwa wa kwanza wa utafiti wetu kupandikizwa ini. Babake, Mzee Ekai, angemkatia kipande cha lake. Damu yao inalingana. Nilikwisha kuiona picha yangu jukwaani, nikiwasilisha matokeo.

Leo nilimpima mzee tumbo kwa mashine ya picha. Alikuwa akinitania: "Daktari, ukikata yangu, usiniwekee ya mbuzi."

Kisha nikaviona. Vifuko vile vile, ndani ya ini lake, ilhali hajawahi kuumwa hata siku moja.

Nilimweleza kwamba ini lake halifai tena kukatiwa Akiru. "Mbwa yetu ilikuwa moja," akasema. "Ililamba sisi wote."

Huku kwetu mbwa ndiye humsafisha mtoto mchanga anapojichafua. Nami ni mzaliwa wa Kainuk. Nilipaswa kulikumbuka hilo kabla ya kuahidi lolote. Nililisoma kama chanzo cha ugonjwa wa mtoto, sikulifikiria kuwa ni la nyumba nzima.

Mamake Akiru alikuwa amesimama mlangoni. "Basi pima mimi," akasema, na tayari alikuwa anavua shanga zake shingoni ili alale kitandani.

Nilimwambia arudi kesho, kwamba mashine imechoka. Mashine ilikuwa nzima. Sikuweza kuangalia.