Kadi ya Mchango wa Bosco

Spring Valley, Nairobi
Jumapili alasiri

Kwa dada yangu mpendwa Mghoi,

Hujambo huko Wundanyi? Goti linakuruhusu kushuka mtoni, au bado unasingizia baridi? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimempa barua hii Mwadime, mtoto wa jirani yetu, anayesafiri kesho, kwa sababu kwenye simu ungecheka na kukata kabla sijafika mwisho. Barua haikatwi.

Bosco anaumwa. Ndiyo, yule mbwa wa Mama Kaur, huyu mjane ninayemfanyia kazi mwaka wa kumi na moja sasa. Na mjinga ni mimi. Tumbo lake lilipoanza kujaa nilifurahi. Nilikuwa nikimpa ugali na omena kwa siri, maana kile chakula chake cha gunia hata kuku wako wangekikataa, basi nikadhani amenawiri. Nikajisifu kwa Kamau, mlinzi wa geti la jirani: "Muone, kwangu hakuna anayekonda." Kumbe ni uvimbe. Siku aliposusa hata omena, nikaingiwa na hofu.

Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama kule Adams Arcade. Akampapasa, akampiga picha, akasema afanyiwe upasuaji Ijumaa hii, la sivyo uvimbe utapasukia ndani. Bosco ni mzee wa miaka kumi na miwili, lakini moyo wake una nguvu na anaweza kupona kabisa. Nilimuuliza kama ni omena zangu. Alicheka, akasema hapana. Aibu haijaniisha.

Najua unachowaza: watu wa Spring Valley wanakosaje pesa? Hata mimi niliwaza hivyo. Ukuta ni mrefu, lakini tangu mumewe afariki Mama anaishi kwa pensheni ya ualimu, na gari aliliuza mwaka jana. Daktari alipotaja gharama, Mama aliufunga mkoba wake polepole. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Wakesho, mimi siwezi kuomba watu pesa ya mbwa. Wacha tu apumzike." Nililia nikiosha vyombo, wala sikujificha.

Ndipo nikachukua karatasi, nikapiga mistari, nikaandika juu: Mchango wa Matibabu ya Bosco. Unaikumbuka kadi niliyozungusha huku wakati wa mazishi ya mama yetu? Jina la kwanza lilikuwa la huyu Mama Kaur. Kadi ya karo, ya harusi, ya hospitali, hakuna aliyowahi kuirudisha tupu.

Kamau aliishika karatasi akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Kwani siku hizi mbwa pia inafanyiwa harambee? Haya, andika mimi. Hii mzee imeniamsha mara ngapi kabla supavaiza afike!" Baada yake wakaandika watunza bustani, yaya wa nyumba ya pili, hata mama mboga wa kwenye kona. Haba na haba, tumeshavuka nusu.

Leo baada ya kanisa nikampelekea Mama. Niliogopa atakataa, kwa jinsi anavyojiheshimu. Alivaa miwani, akasoma majina yote kwa sauti, moja baada ya jingine. Kisha akatafuta kalamu, akauliza, "Na mimi naandika wapi?"

Nikamwambia, "Wewe huandiki, Mama. Wewe ndiye mwenye mgonjwa."

Aliketi kwenye stuli yangu ya jikoni, akanishika mkono. Halafu akasema, "Basi piga simu. Mwambie daktari tutakuja Ijumaa." Dada, nilifurahi hata nikauunguza mchele.

Msalimie shemeji, mwambie ile redio yake naitafutia betri. Msalimie shangazi yetu wa ng'ambo ya mto, na mwalimu wa kwaya, na yeyote anayeniulizia kwa wema. Wanaoniulizia kwa umbea waambie nimenenepa.

Nawe nakuomba kitu, hata kama ni bei ya kuku mmoja, ukitume kwa simu kabla ya Alhamisi. Najua utaguna, "Mbwa!" Guna tu, lakini tuma. Daktari ameshapanga kisu chake, na Mama Kaur, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, amekubali kusaidiwa. Isitoshe, jina lako nimeshaliandika kwenye kadi, na nimeliandika kwa wino.

Ni mimi mdogo wako, mkaidi vilevile,
Wakesho